Nilivyolisafisha Anga la Bwana Kitambi

Mnaniandikia mkiuliza gundi. Hazipiti siku nyingi bila ujumbe wa sauti kutoka kwa kijana wa Arusha au Tanga ambaye ameokota jarida la zamani lenye katuni kwenye jalada, mgongo umechanika, na anataka kujua atumie gundi gani. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza kwa nini niliacha. Basi leo nitajibu ambalo hamkuuliza, na la gundi nitawatupia humo humo njiani.

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Mama yangu akilisikia neno hilo hucheka mpaka anashika kiuno, kwa sababu kwake mtu hustaafu kazi, na yangu haikuwahi kuwa kazi. Ilikuwa ni "yale makaratasi ya Zuhura." Lakini kwa miaka tisa niliyatafuta, nikayasafisha, nikayashona migongo na kuyauza, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu hapa Majengo. Nilijifundisha mwenyewe, kwa utaratibu wa kuharibu kwanza na kuelewa baadaye.

Niwaambie tulivyokuwa, msije mkadhani mnaingia kwenye undugu. Moshi nzima tulikuwa wakusanyaji watano, na hatukuwa tunasalimiana. Mmoja alifunga kila jarida kwenye nailoni tatu na hakuwahi kufungua hata moja kusoma kilichomo. Nilimuuliza siku moja hadithi ya ukurasa wa pili inaishaje, akanitazama kana kwamba nimemuuliza jina la ng'ombe aliyechorwa kwenye pakiti ya maziwa. Mwingine alichovya majarida ya juzi kwenye chai ya rangi ili yaonekane ya kale, na biashara ikamwendea vizuri mpaka mteja aliponusa tangawizi. Na wateja wenyewe! Mwenye hoteli mmoja alitaka majalada kumi na mawili ya kuweka kwenye fremu, sharti rangi ziendane na vigae vya chooni. Mnadhani nilikataa? Nilimpangia, kuanzia kijani kilichoiva mpaka kijani kichanga, na nikaomba kuviona vigae kwanza.

Mimi nilikuwa mbaya kuliko wote wanne, kwa sababu nilijiona mwema. Sikudanganya mteja, sikuchovya kitu kwenye chai. Ugonjwa wangu ulikuwa doa. Siwezi kuliacha doa. Nikikaa kwenye ugeni na kuona tone la chai kwenye meza, mazungumzo yanakwisha hapo hapo. Macho yangu yako kwenye tone. Mtu wa namna hii akipewa karatasi lililokaa miaka mingi jikoni, jueni kuna mmoja kati yao hatapona.

Mwaka wa kwanza nililiosha jalada kwa sabuni ya unga. Ndiyo, niliosha, kwenye beseni, nikalianika kwenye kamba ya uani kwa vibanio viwili. Alikuwa mwanamke mnene wa kuchorwa, amevaa gauni jekundu. Upepo ukavuma, gauni lake likakumbatia kanzu ya jirani yetu, ya Ijumaa, iliyokuwa inakauka pembeni. Jirani alikuja mlangoni ameishika kanzu kwa vidole viwili.

"Zuhura, huyu mwanamke aliyeko kifuani kwangu ni nani?"

"Ni katuni, baba."

"Na mimi nikamwelezeje mke wangu kwamba ni katuni?"

Hapo ndipo nilipompata mwalimu, kwa sababu kisa kilizunguka mtaa mzima na kumfikia Mzee Shabani. Mzee Shabani alikuwa mchora mabango. Nusu ya kuku waliochorwa kwenye kuta za migahawa ya mjini ni kazi ya mkono wake, na sasa macho yamepungua, anauza vitabu vilivyotumika mezani, karibu na msikiti. Aliniita, akanionyesha kiti, akacheka kwanza mpaka akamaliza.

"Umeogesha karatasi?"

"Nilitaka liwe safi, babu."

"Ungelipaka na losheni kabisa."

Alinifundisha mengi ninayoyajua, kwa kejeli, na ninawapa bila kejeli. Masizi hayatolewi kwa maji. Chukua mkate, toa ile nyama ya ndani, ufinyange uwe donge, ulibingirishe juu ya karatasi taratibu. Mkate utakuwa mweusi na picha itafunguka macho. Pini za mgongoni zikiwa na kutu, usizivute, zikunjue kwa ncha ya kisu kwa nyuma. Usianike juani. Ukishalainisha karatasi kwa unyevu, libane kati ya vitambaa viwili chini ya godoro, ulalie, na usilichungulie. Na gundi, enyi watu wa gundi, ni uji wa ngano. Mwepesi, uliochujwa kwa kitambaa, uliopoa. Mende wanaupenda, kwa hiyo tia chumvi kidogo. Hayo ndiyo yote. Zile chupa mnazonitumia picha zake zirudisheni dukani.

Alinifundisha pia mahali pa kutafuta, na hili ndilo lenye thamani. Wengi wenu mnatafuta madukani na mitandaoni. Pandeni mlimani. Zamani huko juu nyumba nyingi zilikuwa za mbao, na ubao ukikauka huacha mwanya, na baridi ya Julai huujua kila mwanya kwa jina. Kwa hiyo watu walibandika majarida ukutani kwa uji, tabaka juu ya tabaka, na kwa kuwa mtu hawezi kubandika picha nzuri ikaangalia ubao, majalada yalitazama ndani. Kuna bibi ambao wamelala miaka hamsini wakitazamwa na katuni. Ila muwahi kabla ya Desemba. Desemba watoto wanapanda kutoka Dar na kwingineko kuja kula Krismasi nyumbani, na kabla hawajafika nyumba inasuguliwa, inapakwa rangi, na vya kale vinachomwa nyuma ya banda la ng'ombe. Mkusanyaji anayepanda tarehe ishirini Desemba anakuta majivu na karibu ya ndizi.

Na hapo ndipo nilipofika Kirua Vunjo, mwezi wa Novemba, kwa Bibi Ndeshi.

Kwanza mjue nilichokuwa natafuta. Kulikuwa na jarida moja la vichekesho, jina nalihifadhi, ambalo kila jalada lilikuwa na Bwana Kitambi kwenye janga jipya. Bwana Kitambi amekwama dirishani. Bwana Kitambi amepanda baiskeli na baiskeli imelala chini inalia. Sisi wakusanyaji watano tuliyajua majalada yote isipokuwa moja, ambalo Mzee Shabani alidai kuliona ujanani: Bwana Kitambi anapanda Kilimanjaro na mwavuli, na mkewe nyuma amebeba mizigo yote pamoja na kiti cha kukalia. Hakuna aliyekuwa nalo. Nikalikuta kwa Bibi Ndeshi, juu ya kitanda chake, nyuma ya masizi.

"Wewe ndiye yule wa makaratasi?" aliniuliza.

"Shikamoo bibi. Ndiye mimi."

"Marahaba. Mwembamba hivi, ukuta utaubandua wewe au utakubandua?"

Alinipa ndizi za kuchoma na maziwa mgando, akasubiri nimalize, kisha akasema jambo lake waziwazi kabisa. Nasisitiza waziwazi, ili mtu asije akanitetea.

"Nyumba hii Elirehema anaivunja. Yule mwanangu mkubwa. Anataka tofali na vigae kabla ya Krismasi. Mimi sina neno. Ila hilo karatasi la huyo mnene, juu pale penye anga, mzee wangu aliandika maneno kwa penseli kabla hajafa. Ni mpaka wa kihamba, hili shamba letu la urithi. Elirehema anachukua juu, Godlisten mdogo wake anachukua chini, na hapo mzee aliandika hatua. Masale tuliyopanda mpakani yaling'olewa walipochimba mtaro wa bomba. Yamebaki maneno tu, na moshi unayala. Libandue, ulisafishe, yasomeke, uniletee. Krismasi wote wawili wanapanda, na mwaka huu wanagawana."

"Hukuyanakili mahali, bibi?"

"Ningenakili nini nami nalala chini yake?"

Nikamwambia, "Niachie mimi, bibi." Niliahidi kulirudisha kabla ya sikukuu. Sikutaka hata kulimiliki. Nilitaka kulipiga picha tu, likiwa safi, niliweke mtandaoni, na wale wenzangu wanne wafe kwa kijicho. Hilo ndilo lilikuwa lengo langu lote la kitaaluma.

Nililibandua kwa mvuke wa birika na kitambaa chenye unyevu, nikianzia kona ya juu, kazi ya kutwa nzima, bila kuchana hata unywele. Nyumbani nikalilalia siku tatu. Kisha mkate. Masizi yakatoka, na alitokea Bwana Kitambi na mashavu yake, mwavuli wa mistari, mke mwenye uso wa mtu anayepanga mauaji. Na juu yao anga, pana, la samawati iliyopauka, na katikati ya anga maandishi ya penseli ya mzee. "Toka mfereji kwenda chini, hatua arobaini na" aliandika kwa herufi, halafu kana kwamba amechoka akamalizia kwa tarakimu. Nikayanakili kwenye daftari langu. Tarakimu ile ilikuwa imeliwa kidogo na masizi. Ilikuwa moja, au saba. Niliandika moja, nikaweka alama ya kuuliza, nikajiambia nitaitazama vizuri baadaye.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa bado kazini.

Pembeni mwa maandishi palikuwa na alama ya kidole. Nikaifuta kwa kifutio laini. Pale nilipofuta pakawa peupe kuliko jirani yake, kwa hiyo nikamsawazisha jirani. Naye jirani akawa na jirani. Mnaoujua ugonjwa huu mnajua mikono inavyofanya kazi na akili imekaa pembeni inatoa hongera. Nilifika kwenye neno la kwanza nikijua ni neno. Sikuwa nimepitiwa. Nilijiambia: nimeshanakili. Nilijiambia: hili ni jalada pekee duniani, na mtu ameliandikia juu kama ubao wa shule. Nikafuta neno la mwisho kwa uangalifu mkubwa kuliko yote.

Kuna mmoja wenu mwerevu tayari anauliza kwa nini sikufuta kwenye kompyuta, baada ya kupiga picha. Swali zuri. Nililiwaza. Nikaona huo ungekuwa udanganyifu.

Picha niliiweka mtandaoni saa nane mchana. Yule wa nailoni tatu aliandika "Hongera" na akaweka nukta, na ile nukta ilinipa furaha kama dakika kumi. Kisha nikafungua daftari, nikaikuta ile alama yangu ya kuuliza imenikodolea macho. Nikalichukua jalada, nikamulika tochi kwa pembeni nitafute mkandamizo wa penseli. Nililibana mwenyewe siku tatu chini ya godoro. Lilikuwa tambarare kama maji kwenye beseni.

Nilikwenda kwa Mzee Shabani. Nilitegemea kejeli. Hakucheka, na hilo liliniogopesha zaidi.

"Huko juu hawapeleki maneno," alisema. "Mtu akikosa anapeleka jani la isale, ule mmea wa mipakani, limefungwa fundo. Ukimletea mtu hilo hawezi kukukatalia. Nenda nalo. Na uende wakiwepo wote, usiende kumwambia bibi peke yake akabaki na mzigo wako."

Niliona isale kwenye ua wa nyumba moja mtaa wa Soweto, hapa hapa Moshi, nikaomba, nikapewa jani refu zuri. Ila ncha zilikuwa zimekauka kidogo.

Nilipanda siku ya pili ya Krismasi, ahadi ya kabla ya sikukuu nimeshaivunja, jalada kati ya mbao mbili, nimelifunga kwa khanga. Nyumba ya mbao haikuwepo. Ilikuwepo ya tofali, sakafu inang'aa, na Bibi Ndeshi amekaa katikati kama mgeni. Elirehema ni mrefu, mkimya, amevaa koti. Godlisten ni mfupi, mcheshi, na ana sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja. Nikawaamkia wote. Nikapiga magoti mbele ya bibi na kutoa jani kwa mikono miwili.

Bibi hakulipokea mara moja. Alilisogelea.

"Nani amelikata ncha?"

"Mimi, bibi. Zilikuwa zimekauka."

"Na linang'aa nini?"

"Nililifuta vumbi. Na mafuta ya nazi, kidogo."

"Dada," Godlisten akasema, "hili jani limepitia saluni?"

Elirehema alikuwa ameshafungua zile mbao. Alilitazama jalada kwa muda mrefu, akaligeuza nyuma, akaligeuza mbele.

"Mama, maneno ya mzee yako wapi?"

Nikasema. Nilisema yote, hata kwamba nilifuta nikijua. Nikatoa daftari na kuwaonyesha ile tarakimu na alama yake ya kuuliza. Ndugu wawili walitoka nje bila kutazamana, na sisi tukawafuata mpaka kwenye mfereji.

"Arobaini na saba," Elirehema alisema. "Mzee aliniambia."

"Mbona mimi hakuniambia? Arobaini na moja. Dada ameandika moja."

"Ameandika na kuuliza."

"Basi hesabu tuone."

Elirehema akahesabu kwa miguu yake ile mirefu akiteremka, na alipofika arobaini na saba alikuwa amesimama karibu na banda la ng'ombe la mdogo wake. Godlisten akapiga kelele kwamba hatua za twiga hazihesabiki. Akahesabu yeye, arobaini na moja, akitembea kama mtu aliyefungwa kamba miguuni, akasimama kwenye migomba ya kaka yake. Wakasimama hivyo, mmoja juu mmoja chini, kila mmoja na hesabu iliyo sahihi, na kati yao migomba na mibuni ambayo mpaka asubuhi ile ilikuwa ya mtu na sasa si ya mtu. Elirehema alisema atamwita mwenyekiti wa kitongoji. Godlisten alisema aite na mahakama kabisa, na kwamba yeye Krismasi ya mwakani hapandi kuja nyumbani. Hapo niliona uso wa bibi. Nimeona karatasi nyingi zikichanika, lakini hazina uso.

"Elirehema, simama hapo hapo," alisema. "Godlisten, na wewe."

Akateremka mwenyewe, polepole, ameshika jani langu mkononi, hatua fupi za mtu anayemfuata mwingine aliyetangulia. Hakuhesabu kwa sauti. Mahali fulani katikati akasimama.

"Mzee wenu alikuwa anafika hapa ananisubiri. Moja au saba mimi sijui. Najua alikuwa ananisubiri hapa. Sasa sikilizeni. Hatua tatu huku na tatu huku, ni zangu. Nalima mimi, navuna mimi. Nikifa mgombane vizuri, sitakuwepo kuwasikia."

"Mama, hatua sita utalima nini?" Godlisten akauliza.

"Nitapanda masale. Ukipita bila kuniamkia nakushtaki kwa mwenyekiti wa kaka yako."

Elirehema alicheka kidogo, kwa pua, na bega lake likashuka. Bibi akanigeukia.

"Na wewe, jani lako nimelipokea. Siwezi kulikataa, hata likinuka saluni. Lakini hata hili lilikushinda kuliacha lilivyo. Njoo uandike."

"Niandike wapi, bibi?"

"Ulipofuta."

Nilimwomba nimtafutie karatasi nyingine. Nilimwambia lile ni pekee, kwamba hakuna jingine popote. Akasema ndiyo maana. Nikauliza kama kuna penseli.

"Ya penseli tumeiona. Godlisten, mpe peni."

Peni ilikuwa ya buluu, ya kugawiwa harusini, na ilikuwa inavuja. Waliniwekea ubao mapajani, pale pale mferejini. Niliandika juu ya Bwana Kitambi, kwenye anga nililolisafisha kuliko anga lolote Tanzania: "Hatua sita za katikati ni za mama." Mstari ulianza juu ukaishia kwenye mwavuli. Kwenye neno la mwisho peni ilitema wino, doa kubwa kama punje ya kahawa, na mkono wangu, jamani, mkono wangu ukaanza wenyewe kwenda mfukoni kutafuta kitambaa.

"Bibi, nimechafua. Naomba tu nipan—"

"Acha."

Akalichukua, akalishika mbali na macho yake, akasoma taratibu, akitembeza kidole chenye udongo chini ya kila neno mpaka kwenye doa, na kidole kikaacha alama njia nzima.

"Haya," alisema. "Sasa linasomeka."